Hana Begi Jingine

"Fungua kufuli, kisha rudi nyuma hatua moja," Shangazi alimwambia abiria, na abiria akatii.

Bastola ilikuwa imelala ndani ya sponji jeusi lililokatwa kwa umbo lake. Haikuwa na risasi. Risasi zilikuwa kwenye pakiti yake, hazijaguswa. Sanduku lilikuwa gumu kama inavyotakiwa, kufuli zima, ufunguo mkononi mwa mwenyewe. Fomu ya kutangaza silaha ilikuwa imejazwa kwenye uwanja wa ndege alikotoka na kugongwa muhuri. Shangazi alilinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba ya kwenye kibali, akitamka tarakimu kwa midomo bila sauti. Zililingana.

Kazini karibu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kaunta hiyo ya mizigo maalumu, pembeni ya mikanda ya mabegi, akikabidhi viti vya magurudumu, magitaa, paka waliopewa dawa ya usingizi, na silaha. Wenye silaha aliwajua. Wawindaji walishuka na mabegi matano, mabuti yakining'inia, wakaanza kusimulia kabla hawajaulizwa. Wa mashindano ya shabaha walikuja kundi zima na sare zao. Huyu alikuwa na sanduku hilo tu. Hakuwa na hata mfuko wa mswaki.

Alimuuliza kama kuna mzigo mwingine unaokuja.

"Ni hili tu, mama," abiria alijibu kwa adabu.

Jibu hilo lilimshtua Shangazi. Alimwomba asubiri, akatembea hatua chache hadi kwenye chumba cha vioo cha Msimamizi.

"Kuna abiria ana bastola, na hana begi jingine."

"Karatasi zake?"

"Zimekamilika."

"Sasa shida iko wapi?" Msimamizi hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Kuna kanuni inayosema mtu lazima asafiri na nguo za kubadilisha?"

Haikuwepo. Shangazi alizijua kanuni zote, na hiyo haikuwepo. Akarudi kaunta. Abiria alitia saini kwa mwandiko mzuri, akashukuru, akalibeba sanduku lake kuelekea vyooni.

Mumewe alikuwa msukuma matoroli wa ukumbi huohuo. Walimwita Injini kwa sababu alikuwa akisukuma matoroli arobaini kwa mkupuo mmoja, huku akiunguruma kwa mdomo kuwachekesha watoto wa abiria. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili, na bado kila saa sita na nusu alipita kaunta kumchukua mkewe wakale pamoja nyuma ya stoo. Siku hiyo aliwahi. Alikuwa amesimama karibu na mkanda wa tatu, akimsaidia bibi mmoja kushusha begi, akimpungia mkewe kwa mkono uliobaki.

Mlio wa kwanza, uliotoka upande wa vyooni, Shangazi alidhani ni sanduku lililoanguka. Wa pili pia. Kisha watu wote wakakimbilia upande mmoja, kama ukumbi umeinamishwa, na yeye akajikuta sakafuni chini ya kaunta, shavu kwenye vigae, akiona nyayo za viatu na matoroli yakitembea yenyewe. Haikuchukua hata dakika mbili. Yule abiria alipoishiwa risasi alilala kifudifudi, akanyoosha mikono, akasubiri walinzi. Hata hapo alikuwa na adabu.

Watu watano walikufa. Injini alikuwa wa pili.

Siku iliyofuata mazishi, Msimamizi alikuja nyumbani kutoa pole. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kukataa chai, akazungumza habari za marehemu, kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba pengo lake halizibiki. Alingoja Mama Mkwe aingie ndani. Mama Mkwe alikuwa akiishi nao tangu macho yake yaanze kufifia. Tangu msiba hakuwa amesema neno zaidi ya "nipe" na "toa".

"Shemeji," Msimamizi alianza. Miaka yote alikuwa akimwita "wa kaunta". "Tume ya uchunguzi itakuita Jumatatu. Wataisoma orodha ya taratibu, wewe utajibu ndiyo, basi. Yale uliyoniambia siku ile yalikuwa maneno ya kupita tu. Ukiyaingiza, watauliza kwa nini na wewe ulimkabidhi. Nakufikiria wewe, shemeji. Nami nina familia."

Shangazi alizitazama soksi za Msimamizi. Zilikuwa mpya, nyeusi, bila shaka alizinunua kwa ajili ya mazishi. Hakumjibu, na yeye akauchukua ukimya huo kama ahadi, akaaga.

Tume ilikuwa ya watu watatu kwenye meza ndefu, na karani pembeni. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole; alimpa pole kwanza, kisha akaanza. Sanduku lilikuwa gumu? Ndiyo. Limefungwa? Ndiyo. Silaha haikuwa na risasi ndani? Ndiyo. Risasi zilifungashwa kando, kibali kilikuwa hai, namba zililingana? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila alipojibu, mwenyekiti alitia alama. Shangazi alitamani hata moja ikosekane.

"Una la kuongeza?"

"Hakuwa na begi jingine," alisema. "Nilishtuka, nikamwambia Msimamizi. Akaniuliza kanuni iko wapi."

Msimamizi, aliyekaa safu ya nyuma, aliulizwa. Alisema siku ile ilikuwa na pilikapilika nyingi, hakumbuki mazungumzo kama hayo, na kwamba dada yetu yuko katika majonzi makubwa. Aliposema "dada yetu" alishusha sauti, na watu wawili wakatikisa vichwa kwa huruma.

Mwenyekiti aliuliza kama lipo andiko lolote. Halikuwepo. Aliuliza kama ipo kanuni ambayo ingemruhusu kumnyima abiria mali yake halali kwa kuwa tu hana nguo. Haikuwepo. Karani alikuwa ameinua kalamu, akimtazama mwenyekiti.

"Andika," Shangazi alimwambia karani. "Naomba uandike."

"Hayo ni hisia, mama," mwenyekiti alisema, bado kwa upole. "Tumekusikia."

Taarifa ilitoka baada ya wiki tatu. Kurasa kumi na moja. Shangazi aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akitafuta sentensi yake. Ilisema watumishi wote walizingatia taratibu, na ikapongeza utulivu wao. Kulikuwa na pendekezo moja: kuanzia sasa, kila sanduku la silaha lifungwe pia kwa kamba ya plastiki isiyokatika bila mkasi, ili mwenyewe asiweze kulifungua kabla hajatoka nje ya jengo. Mkasi huo hawakusema atautafuta wapi. Pengine mpiga risasi naye angeuomba kwa adabu.

Jioni hiyo alimsomea Mama Mkwe ile taarifa. Mama Mkwe alisikiliza akiwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Mwisho aliuliza ni mtumishi gani aliyemkabidhi mpiga risasi sanduku lake. Majirani walikuwa wamemficha. Redio haikutaja jina.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ndiye uliyempa?"

"Kwa mikono yangu."

Shangazi alimweleza vyote, begi lisilokuwepo, mshtuko wake, chumba cha vioo. Hakujitetea. Mama Mkwe aligeuza uso kuelekea dirisha ambalo sasa aliliona kama weupe tu.

"Ukashtuka," alisema. "Kisha ukarudi ukampa."

"Nilirudi nikampa."

"Mwanangu alikuwa hatua ngapi kutoka pale?"

Shangazi alihesabu, kwa sababu alikuwa ameulizwa. "Thelathini hivi, mama."

Asubuhi Mama Mkwe aliomba apelekwe kwa binti yake. Hakugombana wala hakulaani. Alimruhusu Shangazi amfungashie nguo na amshike mkono hadi kwenye gari, na kabla mlango haujafungwa aliuchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa Shangazi.

Kazini walimpokea vizuri. Kwenye kaunta yake palikuwa na bunda la kamba za plastiki, jeupe, na mkasi uliofungwa kwa mnyororo. Shangazi alivitazama, kisha akaenda kwenye chumba cha vioo akasema anataka kuhamishiwa matoroli.

Msimamizi alidhani hajasikia vizuri. Alimweleza kwamba ile ni kazi ya juani, ya wanaume, na kwamba kwa umri wake ni kujishusha. Alipoona habadiliki, alitia saini upesi, karibu kwa furaha.

Wiki ya kwanza alisukuma kumi kumi. Viganja vilichubuka. Alijifunza kwamba mstari wa matoroli haugeuzwi kwa mikono. Unauegemea kwa nyonga na kungoja chuma kikubali. Mwisho wa mwezi alifika ishirini na tano. Kipaza sauti kilikuwa kikiwakumbusha abiria wenye silaha kuzitangaza mapema kwa wahusika, sauti ya msichana mwenye furaha, kila robo saa. Aliusukuma mstari wake kutoka maegesho, kichwa chini, jua likimpiga shingoni, na mbele kabisa mlango wa vioo ukafunguka wenyewe kwa toroli la kwanza, naye angali mbali nyuma, nje, akisukuma.