Barua ya Mashine ya Tatu

Kicheko kilianzia meza ya meneja, kikasambaa bwalo zima. Alikuwa amesimama na barua ya mama mdogo wangu, akiisoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake kila barua ya mfanyakazi ilipomfikia. Penye kosa alisita, akakodoa macho, akatusubiri tucheke. Tukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Miaka ishirini imepita na bado naona aibu.

Tulikuwa tukifua shuka za mahoteli. Mama mdogo alitaka kusema kwamba mashine ya tatu ya kupigia pasi haina kinga, itamuumiza mtu. Lakini alijaza ukurasa mzima kwa pumzi moja, bila nukta wala mkato, na habari ya kinga ikapotelea humo. Wiki iliyofuata mashine ilimuunguza yeye mwenyewe, vidole vinne.

Kwa hiyo msiniambie kuandika vizuri ni mambo ya walimu. Kila saa ya chakula niliandika upya barua ile na kumsomea. Alipokunja uso, nilijua sentensi haijanyooka, nikaifuta.

“Mwanangu, hizo nukta zako zitanipoza vidole?”

“Hazitapoza, Mama. Ila meneja hatapata pa kuchekea.”

Barua niliyoipeleka ilikuwa ya saba kuandikwa. Meneja akasimama nayo bwaloni, kidole kikipita juu ya mistari kuwinda kosa.

“Mashine ya tatu haina kinga,” akasoma. “Tulikuarifu tarehe nne. Tarehe kumi na moja ilimuunguza mwenzetu vidole vinne.”

Akasita. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameacha kula, wanamsikiliza.

“Malizia, bosi,” akasema mkunja shuka mmoja.

“Tunaomba izimwe leo, mpaka ifungwe kinga.” Sauti ilikuwa imemshuka. “Nani kawaandikia?”

“Mimi.” Nikasimama kabisa, asije akamfukuza mwingine kwa kosa langu.

Mama mdogo naye akainuka, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo.

“Rudia hapo kwenye vidole vyangu,” alimwambia.

Meneja alitutazama, watu arobaini na vijiko vyetu vimetulia mezani. Kisha akainamia karatasi, akarudia, neno kwa neno, na kila penye nukta akasimama.