Viatu vya Zizini

Nyamburi aliupakata mfuko ule mapajani kutoka Butiama mpaka Musoma. Kondakta alitaka kuutupia kwenye buti pamoja na matenga ya kuku, Nyamburi akamwambia, "Mwanangu, huu hapana. Kuku wakae na kuku wenzao."

Ndani yake mlikuwa na viatu vya marehemu mume wake. Ungeviona usingegeuka mara mbili. Vilikuwa vya ngozi, ukahawia wake umekwisha, na soli fundi alishazibadilisha akaweka mpira wa tairi. Mzee Machage alivivaa kanisani, alivivaa mnadani, na zizini aliingia navyo hivyo hivyo, maana mabuti ya mpira yalikuwa yakimchoma vidole. Asubuhi yake ya mwisho aliingia kumtazama ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Akatoka, akaketi kizingitini, akavivua, akasema kifua kinambana. Hakuvivaa tena. Mavi ya ng'ombe ya asubuhi ile yalikaukia kwenye mifereji ya soli, na hakuna aliyeyagusa, kwa sababu kwao ndivyo inavyotakiwa. Katika ukoo wa Machage, viatu vya mwenye zizi haviguswi na maji. Mtoto wa kwanza wa kiume anavivaa vilivyo, anapita mlango wa zizi wazee wakimtazama, anakanyaga samadi mbichi, ya baba na ya mwana zinashikana. Kuanzia hapo zizi lina mwenyewe, na mama yake ana pa kukaa bila kumwomba mtu.

Mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa Samweli, na siku ya kumaliza matanga Samweli hakuja. Alipiga simu akasema kazini kuna ukaguzi. Wazee wakangoja mpaka jua likapinda, wakala, wakanawa. Ndipo Burito, mdogo wake marehemu, anayekaa Bugwema, aliposema mbele ya watu:

"Shemeji, mimi simfukuzi mtu. Ila ng'ombe hawachungwi kwa simu. Jumamosi tunarudi hapa. Samweli akija akavivaa, sawa, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Asipokuja, nahamisha ng'ombe, nawapeleka kwangu."

Nyamburi hakulala vizuri baada ya maneno yale. Alijua maana yake. Zizi likihama, kilichobaki si mji tena, ni nyumba tu yenye mjane ndani. Ng'ombe aliyekuwa akimkamua kila asubuhi atakamuliwa na mke wa Burito, na yeye Nyamburi atakaa barazani akisubiri kibuyu kiletwe, siku kikikumbukwa. Akawaza, akaona dawa ni moja. Simu Samweli anaweza kuikata. Viatu vya baba yake hawezi kuvikata. Akiviona kwa macho yake, na uchafu wake ule wa asubuhi ile, atakuja tu.

Nyumba ya Samweli pale Musoma ni ya vigae, na baraza lake unaweza kulia ugali sakafuni. Mke wake Hilda alimpokea vizuri, hakuna atakayesema uongo.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, mama Rhobi. Nimeshapoa."

"Mama, samahani, viatu tunaviachaga hapa mlangoni. Vinaingia kwenye mashine kwanza, ndiyo vinaingia ndani."

"Mashine ya nini?"

Hilda akamwonyesha. Lilikuwa kabati dogo jeupe, kimo chake cha gotini, lina mlango wa kioo. Ndani kulikuwa na brashi za kuzunguka, na bomba mbili fupi zimesimama wima kama pembe za ndama.

"Inasugua kwa sabuni, inakausha kwa upepo wa moto, halafu hii taa ya bluu inaua wadudu. Rhobi ana pumu mama, vumbi linamsumbua."

"Wadudu gani hao?"

"Hawaonekani."

"Sasa kama hawaonekani, mnajuaje kwamba wamekufa?"

Hilda akacheka, na Nyamburi naye akacheka. Ndala zake zikaingia humo, mashine ikaanza kunguruma taratibu, zikawa zinazunguka kwenye povu huku yeye amesimama peku akizitazama. "Zimeoga kabla yangu," akasema.

Kisha Hilda akauona mfuko. "Na huu, mama?"

"Huo uache hapo hapo nyuma ya mlango. Ni mzigo wa Samweli."

"Una nini?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Angesema, Hilda ni viatu vya baba mkwe wako, usiviguse, haviguswi na maji. Ni maneno machache. Lakini mambo ya zizi haambiwi mkamwana kabla mwana hajayasikia. Yeye mwenyewe alipoolewa, mama mkwe wake alimfanyia vivyo hivyo, na alihesabu kuwa ni heshima. Akasema tu, "Atauona mwenyewe akirudi."

Akaoga, akapewa chai, akaonyeshwa chumba. Mwili ulikuwa umechoka, akajinyoosha kidogo.

Kilichomwamsha ni ile ngurumo. Kwanza alidhani ni ndala zake bado. Halafu akakumbuka kuwa ndala zake Hilda alishamletea chumbani, zimekauka, zina joto kama mkate. Akainuka upesi.

Mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kiti. Nyuma ya kioo, katika ule mwanga wa bluu, viatu vya Machage vilikuwa vimevalishwa zile bomba, visigino juu, na soli nyeusi zilikuwa zinang'aa.

"Mama, umeamka?" Hilda alikuja anafuta mikono, uso umechangamka. "Nilisikia harufu nikafungua. Kuona ni viatu vya baba, nikasema ngoja nimwandalie mume wangu, akirudi avikute vipya. Vilikuwa na mavi ya ng'ombe mama, yameganda! Nimerudia mara mbili."

Nyamburi alichutama mbele ya kioo. Hakuuliza kwa nini.

"Maji yake yako wapi?"

"Maji?"

"Yaliyotoka kwenye viatu."

"Nimemwaga, mama. Kwenye sinki." Uchangamfu ukaanza kumwisha Hilda usoni. "Nimekosea?"

Ungemwambia nini? Mtu amefungua mfuko kwa moyo mweupe. Nyamburi alimtazama, akaona kwamba hata hasira yenyewe haina pa kukaa.

"Hapana, mama Rhobi. Umeosha vizuri."

Samweli alirudi jioni. Alisalimia, akaketi, na Nyamburi hakungoja chakula. Alimweleza yote, Burito na Jumamosi na ng'ombe na viatu, hata yale aliyokwisha kuyasikia kwa simu. Samweli akaenda mlangoni, akavitoa kwenye mashine. Ule upepo wa moto ulikuwa umekausha ngozi ya kizee mpaka ikapasuka penye vidole, na gundi ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeachia. Akakinusa.

"Vinanukia limao," akasema.

"Sikiliza, mwanangu. Miguu unayo. Vivae hivi hivi. Jumamosi twende, nitawaambia wazee ni mimi niliyeviosha, kwa kutojua. Watanifokea mimi. Mzee Hezron atatema mate chini, atanuna, mwisho atanyamaza. Wewe kazi yako ni kupita mlango wa zizi tu. Jioni unarudi zako kwenye vigae."

Samweli alikitazama kile kiatu cha kushoto. Na hapo Nyamburi aliona kitu alichotamani asikione. Mabega ya mwanawe yalishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Lakini mama, si umesema mwenyewe vikishaoshwa basi?"

"Nimesema nitawaambia mimi."

"Haitakuwa halali. Mambo ya mila huwezi kuyafanya nusu." Sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Waambie mashine imeviharibu. Ndiyo ukweli. Baba mdogo awachukue ng'ombe, awatunze, mimi na ng'ombe wapi na wapi? Na wewe mama usiogope. Siku hizi kuna sheria, mjane hafukuzwi."

"Sheria itakuja kunikamulia?"

"Mama, nitakuwa natuma matumizi. Hilda hakujua, tumsamehe. Ni bahati mbaya ya mashine."

Hapo ndipo Hilda alipotokea jikoni, mwiko mkononi.

"Ngoja kwanza, baba Rhobi. Nisamehewe nini?"

"Hilda, tunaongea."

"Naskia mnavyoongea. Juzi nilikuuliza tufue nguo za kwenda Butiama Jumamosi, ukasemaje? Si ulisema huendi hata wakufunge kamba? Ulisema ukivaa vile viatu mara moja umeshakuwa mtumwa wa wazee. Leo ndiyo inakuwa ni mashine? Mimi ndo nisingiziwe?"

Sufuria ilisikika ikichemka. Samweli alikuwa bado ameshika kiatu cha baba yake, anakigeuza geuza, kama muuzaji aliyekosa mteja.

Nyamburi akanyoosha mkono akakichukua. "Rudi jikoni, mama Rhobi, ugali usiungue," akasema. "Mashine yako imetoa uchafu tu. Haikutoa kingine."

Jumamosi wazee walikuja. Burito alikuja na vijana wawili na fimbo, jambo lililoonyesha kwamba hakuwa na shaka. Nyamburi akatoa viatu, akaviweka juu ya kigoda. Mzee Hezron, mkubwa wao, akainua kimoja, akakigeuza upande wa soli, akaikwaruza kwa ukucha. Hakikutoka kitu.

"Kama vya bwana harusi," Burito akasema, na wale vijana wakacheka.

"Nyamburi," Hezron akasema, "nani ameosha?"

Angeweza kusema mkamwana. Angeweza kusema ni mashine, akawaeleza taa ya bluu na wadudu wasioonekana, wakacheka mpaka waende zao. Kuna hata wakati njiani alifikiri kusema ni yeye.

"Mwenyewe," akasema. "Samweli."

Hezron akakirudisha kiatu juu ya kigoda kwa uangalifu. Mtoto anayeosha viatu vya baba yake amesema hataki, wala haulizwi tena. Burito akaingia zizini na mabuti yake ya mpira, akafungua, ng'ombe wakatoka. Yule ndama aliyezaliwa siku ya msiba alivutwa kwa kamba, mama yake akafuata bila kupigwa.

"Shemeji, maziwa nitakuwa nakuleteaga," Burito akasema, anatafuta pa kuweka macho.

"Kutoka Bugwema? Utayaleta kwa njia gani, Burito? Kwa simu?"

Mvua zilipokatika, kondakta yule yule alimshushia boksi barabarani. Samweli akapiga simu siku hiyo hiyo. Walikuwa wamenunua mashine nyingine, kubwa zaidi, inayochukua viatu vya nyumba nzima, na hii ya zamani Hilda amesema ipelekwe kwa mama. "Umeme si upo hapo, mama? Uwe unatumia, usipate fangasi miguuni." Nyamburi akasema asante. Alikuwa amelelewa kusema asante.

Jirani yake Marieta aliona watoto wanabeba boksi, akapitia.

"Mama Samweli! Nasikia Samweli kaja?"

"Kaja. Huyo hapo kwenye boksi."

Marieta akacheka, kisha akaacha. Akaizunguka ile mashine iliyokuwa pembeni mwa sebule, akainama kwenye kioo. Ndani kulikuwa na viatu vya Machage, vimesimama juu ya zile bomba, mpasuko wa vidole umeelekea mlangoni. Soli zilikuwa na uchafu. Nyamburi alikuwa amezunguka zizi zima, akapata bonge moja kavu chini ya ua, lililosahauliwa, akaliloweka kwa maji kidogo akaisiliba mifereji yote kwa kidole. Hakuwa mjinga. Alijua haisaidii kitu.

"Inafanyaje kazi?" Marieta akauliza. "Waya wake uko wapi?"

"Nimeukata."

"Haa! Umeukata wa nini?"

"Nimefungia mlango wa zizi. Kamba ilikuwa imeoza."

Marieta akatazama nje. Majani yalishaanza kuota pale ng'ombe walipokuwa wakilala, mabichi na manene, kwa sababu ya samadi.

"Sasa mama Samweli, unafungia nini? Si hamna kitu mle?"

"Hamna," Nyamburi akasema, akamsogezea kiti.