Chanjo ya Delphin

…na kalamu bado iko mkononi mwa Suzanne, muuguzi, ameninyooshea, anasema "Muzee Hubert, ni weye kaka yake, tia sinyatiri, sahihi yako, kesho dokta atoe hiyo ziwa yenye kanseri kabla ugonjwa haijapanda," na Agathe, dada yangu mdogo, hapa kwenye benchi, anamjibu taratibu, "Tungoje kidogo, mama, chanjo yangu iko njiani," njiani, njia gani, Mungu wangu, njia hiyo niliichimba mimi kwa mdomo wangu, miezi mitatu sasa, siku ile Delphin, binamu yetu, alipopiga simu toka maabara anakofanya kazi huko Ubelgiji, akanieleza wanatengeneza vitone vya mafuta, vidogo hata unywele mbele yake ni gogo, ndani wanatia picha ya kanseri ya mgonjwa, wanachoma sindano, askari wa mwili wanajifunza kumtambua adui, "lakini ni majaribio, yaya, kaka yangu mkubwa, na ni ya watu wa huku tu, nisikudanganye," alisema hivyo, wazi kabisa, nami nikakata simu nikaanza kuigiza, maana tangu tukimbie Bule, kijiji chetu, nyumba ikiwaka nyuma yetu, Agathe hakuwa amecheka hata mara moja, nikatoa tumbo mbele, nikawa kitone cha mafuta kimefika barieri ya Iga, kizuizi cha barabarani, askari ananidai karte ya kitambulisho, natoa picha ya kanseri, "Shefu, ni huyu, mukimuona musimupe hata kiti," akacheka, akashika mbavu, na mimi, mlevi wa kicheko chake, nikaongeza, "Ya kwako Delphin anatuma"… na kwa nini asiniamini, si mimi niliyezunguka kata zote za Bunia na ngoma wakati wa Ebola, nikichekesha watu, nikisema chanjo inakuja, na ikaja kweli… "Inaonyesha askari sura ya adui," Agathe anamweleza Suzanne, kama mwalimu, na Bule pia waliokuja kutuchomea walionyeshwa, mlango kwa mlango, na aliyewaonyesha alikuwa akiazima chumvi kwetu, ndivyo Delphin alivyosema, kanseri haitoki mbali, ni nyama yako mwenyewe, ina uso wa nyumbani, askari wanaipigia saluti inapita… na mimi je, uso gani wa nyumbani kuliko wangu, nimepita nikimchekesha, na uvimbe uliokuwa kama haragwe sasa ni kama yai… "Muzee?" anasema Suzanne, "Yaya, mwambie huyu mama," Agathe ananigonga goti, "mwonyeshe vile kitone kinatembea," tayari midomo yake imeanza kufunguka kwa kicheko, na miguu yangu, mijinga, inakumbuka kila hatua, nikisimama tu tumbo litatoka mbele lenyewe… sisimami, nitasema nikiwa nimekaa, Agathe, chanjo iko, lakini haiji kwako, haikuwahi kuja, nilikudanganya, ukatwe kesho, unichukie ukiwa muzima, na asipocheka, asicheke.