Kadi ya Bibi

Wapimaji wa chakula katika maabara ile walikuwa na matumbo matatu ya kioo. La kwanza waliliita Kichanga, la pili Baba, la tatu Bibi. Msicheke, kazi ilikuwa ya maana kabisa. Chakula kilisagwa, kikamiminwa mtungini, kikatiwa asidi na vimeng'enya, kikatikiswa kwenye joto la mwili, kisha wao wakapima kimeyeyuka kiasi gani. Baba alipewa asidi kali. Bibi alipewa iliyopungua nguvu, na mtikisiko wa polepole, wa kizee. Mitungi yenyewe ilifanana kama mapacha, huwezi kuitofautisha ila kwa kadi ya bati iliyoning'inia shingoni. Na kila asubuhi aliyewasha mashine alianza hivi: "Shikamoo, Bibi!" Asiyeamkia aliosha vyombo vya siku nzima.

Fundi wa mitungi hiyo hakuwahi kusahau salamu. Nyumbani alikuwa na mzee wake wa kweli, mama aliyemzaa, mwenye uvimbe tumboni na mwili uliobaki mifupa. Daktari alikuwa amesema waziwazi: "Ana kilo thelathini na nane. Mleteni na arobaini baada ya wiki tatu, nimpasue. Chini ya hapo hataamka mezani."

Mama alitaka uji wake mwepesi na yai kidogo, mara sita kwa siku.

"Uji gani huo, mama? Maji matupu!" Fundi akang'aka. "Niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

Ikawa kweli kazi yake. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wametoka, akasaga dengu, nyama na maziwa mazito ya kumpa Bibi. Kadi zilikuwa zimeoshwa, bado zinakauka kwenye trei. Sheria ilikuwa kuzirudisha kwa kusoma daftari. Lakini yeye miaka kumi na moja anazivalisha, asome nini tena? Akazivalisha kwa mazoea. Saa mbili baadaye mtungi ulikuwa mweupe, kama sahani iliyolambwa. Jamani, alicheza peke yake mle ndani!

Basi mama akala dengu na nyama asubuhi, mchana na jioni.

"Bibi wa kazini kamaliza yote," Fundi alimwambia, kijiko mkononi. "Wewe je, utashindwa na chupa?"

"Nitashindwaje, mwanangu? Tamu," mama alijibu, akameza.

Siku moja kabla ya kupimwa uzito, mwenzake waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, alikuwa anapitia daftari la mwezi. Akaangua kicheko.

"Fundi wewe! Bibi yako siku ile alikuwa na asidi ya kijana wa miaka ishirini! Kadi ya Bibi umemvisha Baba!"

Maabara nzima ikacheka. Yeye akasogea, akasoma tarakimu alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe bila kuzitazama. Akatoka mbio. Hakuaga mtu, hakuvua hata koti jeupe.

Alimkuta mama amepiga magoti uani, karai mbele yake, kopo la maji pembeni. Alikuwa akisuuza alichotapika. Kopo na sabuni vilikuwa vimewekwa tayari, na Fundi akaelewa kwamba hii haikuwa mara ya kwanza.

"Umerudi mapema," mama akasema, akificha karai kwa khanga. Kisha akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe. "Nisamehe, mwanangu. Chupa yako inakula yote. Mimi tumbo langu linakuaibisha."

Fundi alikaa chini palepale kwenye maji. Alilia kwa sauti, hakujali majirani. Akamweleza yote, kadi, trei, daftari, kila kitu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu, utaamini? Akacheka, mabega yakimtikisika.

"Kumbe wiki tatu nilikuwa nashindana na kijana! Basi tumbo langu halina kosa."

"Kosa ni langu, mama."

"Haya, ni lako. Nipikie uji."

Akapika. Mama akanywa vijiko sita, na havikurudi.

Kesho yake mzani ulisoma thelathini na tano. Daktari aliutazama mara mbili, akafunga faili taratibu, akamwambia Fundi ampeleke mama nyumbani wakae naye. Walikaa naye siku tisa, ya kumi wakamzika.

Fundi aliporudi kazini, Redio alimsogezea daftari kwa mikono miwili. Fundi akalifungua, akasoma mstari kwa mstari kwa kidole, akamvalisha Bibi kadi yake. Akapima asidi mara tatu. Kisha akatoa chupa aliyoileta kutoka nyumbani, uji mwepesi na yai kidogo, akaumimina.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Akavuta kiti, akakaa kuutazama mtungi ukitikisika, polepole, hivyo hivyo kizee. Hakuna aliyethubutu kumwita kula. Saa zikapita. Bibi akaumaliza uji wote.