Karatasi Iliyofungia Nguba

Maziwa yalikuwa yakinitiririka mpaka kwenye kitenge, na mwanangu wa siku mbili alikuwa akinyweshwa maji ya sukari kwa kijiko. Aliyeshika kijiko ni mama mkwe wangu, Mama Kavugho. Si mtu mbaya. Aliambiwa tu kwamba maziwa yangu ni sumu.

Aliyemwambia ni Mama Marthe, mkunga wa kituo chetu cha afya. Néhémie alipotoka tumboni, hata sijamshika, Mama Marthe alisoma kadi yangu ya wajawazito, kisha akamwita mama mkwe.

"Huyu iko na hépatite, homa ya ini. Imeandikwa hapa. Mutoto asinyonye hata kidogo."

"Mimi?" nikasema kutoka kitandani. "Walinipima damu kwa mwezi wa tano ya mimba. Hubert wa laboratoire aliniambia hakuna kitu."

"Hubert alisema. Kadi inasema ingine. Tuamini wewe ao kadi?"

"Kadi," akajibu mama mkwe.

Mume wangu Eddy alikuwa Bafwasende na mizigo ya duka, na askari walikuwa wameifunga barabara kwa wiki tatu. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kusema upande wangu. Siku ya kwanza Néhémie alilia kama mtu anayedai haki yake. Siku ya pili alilia kama anayeomba. Asubuhi ya siku ya tatu hakulia. Alifungua mdomo, akaufunga.

Hapo ndipo nilipoiomba hiyo kadi niisome mwenyewe. Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni parokiani, miaka miwili, kupiga mashine ya chapa na kupanga mafaili, mpaka mabomu ya vita ya mwezi wa sita yalipobomoa paa la darasa. Kadi ilikuwa na safu moja tu ya ugonjwa. Ndani yake waliandika O98.4, bila neno lolote; hiyo namba ndiyo Mama Marthe aliyoisoma kuwa hépatite.

Namba ya namna hiyo nilikuwa nimeiona mahali. Wakati wa mimba nilizoea kununua nguba, karanga za kukaanga, kwa Mama Angèle, pale mlangoni mwa kituo, na kwa vile vitabu hatukuwa navyo tena nilisoma kila karatasi aliyonifungia. Moja niliihifadhi kwa ajili ya neno lililonishinda, dépistage. Nikatoa daftari langu chini ya godoro. Karatasi ilikuwemo bado, na doa lake la mafuta. Juu kulikuwa na herufi Z. Katikati, Z11.5, dépistage, na maelezo yake kwa Kifaransa: mtu asiye na dalili yoyote, aliyepimwa ili kutafuta virusi.

Kwa hiyo kupimwa kuna namba yake, na kuugua kuna namba yake. Mimi nilipimwa. Nani aliyenifanya mgonjwa?

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "twende kituoni. Mutoto mumubebe ninyi, sitamugusa. Ila muje musikie kwa masikio yenu."

Alikitazama kitenge changu kilivyolowa. Akafunga mtoto mgongoni.

Kituoni nilimwomba Hubert matokeo yangu, naye hakubisha. Alifungua daftari la laboratoire, akapitisha kidole: jina langu, antigène HBs, négatif, yaani hakuna ugonjwa. Nikamwomba alibebe daftari anifuate. Aliutazama uso wangu, akanifuata.

Karani wa kituo, Papa Lambert, alikuwa ameketi mbele ya rejista. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia orodha ya namba za magonjwa iliyoletwa na watu wa msaada.

"Félicitations, mama," akasema. "Kijana ao binti?"

"Kijana. Siku tatu hajanyonya. Kwa nini muliniandikia O98?"

"Ah, ile. Ni kawaida. Ulikuwa na mimba, wakakupima hépatite. Nikatafuta kwa liste, mimba na hépatite, nikapata O98.4. Watu wa projet, wale wa musaada, wanataka kila mwanamuke aliyepimwa awe na code. Bila code hawatume tena dawa ya kupima."

"Na Z11?"

"Z gani? Sina Z."

Nikamwekea karatasi mezani. Alilitazama lile doa la mafuta, kisha akageukia msumari na kufunua orodha mpaka mwisho. Iliishia kwenye Y.

"Zile za mwisho hazikuwa magonjwa," akasema polepole. "Nilizisoma. Kupimwa, kuchanjwa, kuonana na munganga wa hospitali. Nikasema, bon, hapa tunaandika magonjwa, donc hizi hazina kazi. Karatasi hakuna muji muzima, masuwa hazipandi tena mtoni kutoka Kinshasa. Nikamupa Mama Angèle za kufungia. Yeye ananipatia nguba kidogo saa sita ya midi."

"Ninyi mukakula nguba," nikasema, "mimi mukanipa ugonjwa."

"Mama, tusipandishe sauti."

"Sijaipandisha bado. Wanawake wangapi?"

Aliyejibu ni Hubert, ambaye alikuwa ameshayaweka madaftari mawili sambamba. Waliopimwa walikuwa arobaini na mmoja. Kwenye daftari lake wenye homa ya ini walikuwa watatu. Kwenye rejista ya Papa Lambert, wote.

"Na hata hawa watatu," akaongeza, "hakuna munganga aliyesema wasinyonyeshe."

Nikamkumbuka jirani yetu Virginie, mzaliwa wa Yanonge. Wiki mbili zilizopita nilimkuta nyuma ya nyumba yake akijifunga matiti kwa vipande vya kitenge ili maziwa yakauke. Mtoto wake alikuwa amekonda mpaka ngozi ya shingo ilijikunja. Aliniona, akainama. Nikadhani ni mambo ya nyumbani kwao, nikapita. Hasira iliyonishika pale ofisini ilikuwa juu ya Papa Lambert, na sehemu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Andika Z11.5," nikamwambia. "Kadi yangu kwanza, halafu rejista, halafu wengine wote wenye négatif, mustari kwa mustari."

"Projet watauliza kwa nini nimefutafuta."

"Muwaambie nguba."

Mama Kavugho hajui kusoma. Muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni. Sasa akaingia, akampita Papa Lambert kama anayepita meza, akasimama mbele ya Hubert.

"Ni wewe uliona damu yake na macho yako?"

"Ni mimi, mama."

"Iko namna gani?"

"Iko safi."

Akamfungua Néhémie mgongoni na kuninyooshea.

"Mukamate. Ni mimi nilimunyima. Maneno yako kwangu utaniambia nyumbani, yote. Sasa umunyonyeshe."

Niliketi kwenye benchi, mbele ya rejista. Mara ya kwanza hakushika. Mara ya pili titi lilimteleza. Nikamdondoshea tone mdomoni, nikangoja. Mara ya tatu akashika, kwa nguvu iliyoniuma mpaka mgongoni.

Papa Lambert aligeuzia macho dirishani kwa heshima, akaweka kalamu chini.

"Hapana, Papa Lambert. Muendelee. Wa pili ni nani?"

"Virginie," akasoma Hubert. "Négatif."

"Huyo nitaenda kumuambia mwenyewe, tukitoka hapa."

Nikamhamishia Néhémie titi la pili.

"Wa tatu."