Mafundi wa Ndani ya Muundi

Saa mbili kasorobo asubuhi, muuguzi akiwa bado anabadilisha mashuka ya wodi, fundi mwashi alisikia mwiko ukikwangua ndani ya mguu wake wa kushoto.

Jukwaa la miti la ghorofa ya tatu lilipokatika, waliporomoka wanne. Watatu walikufa papo hapo. Yeye alibaki na pengo la vidole vinne katika mfupa wa muundi, na daktari akaliziba kwa kiunzi cheupe cha kauri iliyochanganywa na plastiki, chenye vitundu kama sifongo.

"Mfupa utaota humu," daktari alimweleza. "Ukishakomaa, kiunzi kitayeyuka chenyewe."

"Kumbe ni jukwaa."

"Ndiyo, ni jukwaa."

Sasa wale watatu walikuwa wameripoti kazini humo mfupani. Aliwajua kwa sauti: Mrefu, anayekohoa kabla ya kusema, Kipara, aimbaye wimbo asioujua, na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole kama maji ya mtungini.

"Hili halitikisiki," Mrefu alisema. "Tungelipata kule, tungezeeka."

"Si tulimwambia msimamizi miti imeoza?" shemeji alisema. "Akajibu kwamba fundi mwoga akashone nguo."

Daktari aliitazama picha ya eksirei, akaona mfupa umepangwa kama tofali, safu juu ya safu. Akaandika kwenye faili: "Timazi safi." Akaenda kitanda cha pili.

Mchana mkewe alikuja, saruji imemkaukia viganjani.

"Nimepata kazi ya kupandisha maji kule kule kwa mkandarasi wenu," alisema. "Watoto hawali mfupa wako, baba."

"Miti wamebadilisha?"

"Wameipaka rangi."

"Usipande, mke wangu. Nakusihi."

"Nisipopanda, tule nini?" Akamfunika shuka, akaenda.

Fundi akainama hadi mdomo ukagusa bandeji. "Shemeji, tokeni humo. Uacheni huu mguu, bora nichechemee maisha. Nendeni mkaishike ile miti, dada yako yuko juu!"

Mwiko ulinyamaza.

"Tungependa, shemeji," sauti ilijibu. "Lakini mikono yetu inashika humu tu."

Alimwomba daktari aupasue mguu awatoe. Daktari alisema kazi nzuri namna ile haibomolewi. Alijaribu kutoka mwenyewe, akaanguka mlangoni; wauguzi wakamrudisha kitandani, wakamfunga mkanda. Kila mkewe alipokuja alimlilia, na kila alipomlilia, mkewe alimfuta machozi kwa upindo wa kanga, akarudi kazini.

Siku ya tisa, saa nne, Kipara aliukata wimbo katikati. Miguu ikasikika ikipanda ndani ya mfupa, taratibu, yenye mzigo.

"Maji niyaweke wapi?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Hapa, dada," shemeji alisema. "Pole kwa safari."

Muuguzi aliingia amekunja mikono, akamtazama usoni, akaona habari ya mkewe imeshamfikia.

"Mkandarasi ametuma salamu za pole," alisema. "Anauliza utapona lini. Amepungukiwa na watu."

Fundi aliuvuta mto, akaulaza mguu juu yake, sawasawa, polepole, mkewe asije akateleza.