Kigiriki cha Mzee Irungu

Mzee Irungu nilimchukia tangu Alhamisi ya kwanza, na sioni haya kusema hivyo.

Ndiye aliyeongoza nyimbo katika kanisa letu la Kiorthodoksi pale mtaa wa Kongo, Kawangware. Mama yangu, Nabwire, alipanga chumba kwenye ploti ya Irungu miaka ishirini, na miaka hiyo yote aliimba kwenye kwaya yake. Alipofariki tulimzika Bungoma. Siku ya arobaini kanisa letu humwombea marehemu: ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari huwekwa mezani, mtu mmoja husimama mbele kuanzisha wimbo wa kumbukumbu ya milele kwa Kigiriki, na kwaya humjibu. Nilitaka mtu huyo awe mimi. Hilo tu.

"Kuja ujifunze kwanza, Nelima," Irungu aliniambia. "Ukikosea hata neno moja, naanzisha mimi."

Basi kila Alhamisi nilifunika cherehani yangu kule Mashimoni, nikakata Kibera yote kwa miguu hadi darasa lake la nyimbo, kanisani Kongo. Herufi za Kigiriki hakutufundisha. Tulinakili maneno kutoka kwenye daftari lake kuukuu, aliloandikiwa na baba yake kwa herufi za kawaida, vile baba huyo alivyoyasikia zamani.

"Akios," nikasoma, yaani mtakatifu.

"Agios!" Akapiga meza. "Nyinyi watu wa Western, g imewashinda kabisa! Mnapanda kari, mnapikia kas."

Darasa zima likacheka.

"Na wewe mzee, l yako iliendanga wapi? Hata "Bwana hurumia" unaimba Kirie ereisoni! Mungu anajua kabila lako hata kabla useme jina."

"Toka nje!"

Nikatoka. Alhamisi iliyofuata nikarudi, akanifukuza tena, safari hii kwa sababu neno la Mungu nililisema "seos" na yeye anataka "dheos".

Hasira ndiyo iliyonisomesha. Simu ikiwa kando ya cherehani, nilijifunza herufi zenyewe na kuwasikiliza mapadri wa Ugiriki wakiimba. Siku moja nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe ni "ayios". Tulikuwa tumetukanana kwa ajili ya k na g, na wote wawili tulikuwa tumepotea.

Alhamisi ya mwisho, siku tatu kabla ya maombi, Irungu alinikatiza kabla hata sijafungua mdomo. "Hutaanzisha. Utatuaibisha."

Kwenye kabati la kanisa kulikuwa na kitabu kikubwa cha Kigiriki ambacho sikuwahi kumwona akikigusa. Nikakitoa, nikakifungua mbele yake. "Nisomee mstari mmoja tu, mzee."

Akavaa miwani. Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hakuna mwangaza hapa," akasema. Ilikuwa saa nane mchana.

Sikumhurumia. Nikausoma mimi, neno kwa neno, mbele ya darasa lake, na hakuna aliyecheka. Irungu akafunga daftari lake polepole.

"Sawa. Jumapili anzisha. Tuone nani atakujibu."

Jumapili nikasimama mbele ya ngano ya mama. Nikaimba kama Wagiriki wenyewe, maneno yao na sauti yao: "Eonia i mnimi," kumbukumbu ya milele. Sikukosea popote. Nikangoja jibu.

Wanakwaya wakaangaliana. Hawakuwa na kinyongo nami, wimbo wao kwa matamshi na sauti hiyo hawakuutambua tu. Irungu angeweza kuniokoa. Alikunja mikono, akanitazama.

Nikaikodolea macho ile ngano, nikamwona mama akifua nguo kwenye ua wa Irungu, povu hadi viwikoni, akiimba. "Eonia imunimi." Hivyo ndivyo alivyouimba miaka yote ishirini, na makosa yote ya daftari ndani yake. Sikuwahi kumsikia akiuimba vingine.

Nikaanza upya. "Eonia imunimi."

Kwaya nzima ikanijibu mara moja, akina mama wakilia, na katikati yao nikaisikia sauti ya Irungu, kubwa kuliko zote. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu sauti ya mama yangu ilikuwa kwenye daftari lake.